Sakafu ya tela la boksi: anza na kitakachomwagika

Leo mbegu na mbolea tunaziweka pembeni kidogo. Tunaongea tela.

Mwezi wa nne, mvua za huku kwetu Njombe zikielekea ukingoni, simu iliita saa kumi na mbili asubuhi.

"Shikamoo bwana shamba."

"Marahaba. Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Sakafu ya tela imemmeza mtu."

Nikavaa buti nikaenda. Kijana huyu ana ekari nne za parachichi na viazi mviringo, na miezi mitatu kabla alikuwa amenunua tela la boksi lililotumika, la futi 12 kwa futi 6, linalovutwa na pikapu yake. Lilikuwa limepakwa rangi nyeupe safi, na ndani limetandikwa karpeti ya plastiki yenye maua. Wakati wa kununua alikagua matairi, taa, springi, akagonga kuta zote. Karpeti hakuifunua. Asubuhi hiyo msaidizi wake alipanda na kreti la parachichi, akakanyaga hatua moja kutoka mlangoni, mguu ukazama mpaka pajani. Tunashukuru alitoka na michubuko tu. Chuma cha chini kingeweza kumfanya vingine kabisa.

Tukafunua karpeti. Nilichukua bisibisi nikaikandamiza kwenye ubao karibu na mlango, ikaingia mpaka kwenye mpini kama kwenye muhogo uliochemka. Katikati ya sakafu ubao ulikuwa mgumu vizuri tu. Lakini hapo katikati kulikuwa na kitu kingine kilichonitisha kuliko lile tundu: doa jeusi la ukubwa wa sinia, na harufu ya dawa ya wadudu. Nikamuuliza. Akasema mwezi wa kwanza galoni moja ilivuja njiani, akafuta na tambara. Na baada ya hapo amebeba nini? Viazi, parachichi, na magunia mawili ya mahindi ya nyumbani kupeleka mashineni.

Ndiyo maana somo la leo naliandika kwa kirefu. Vijana wengi mkiniuliza kuhusu sakafu ya tela swali ni "ubao gani unabeba tani ngapi?" Swali si baya, lakini linatakiwa kuja la pili. La kwanza ni: ndani ya boksi hili kitamwagika nini, na nitakitoaje?

Maji kwanza

Tela la wazi likinyeshewa, jua likitoka linakauka. Boksi ni tofauti. Maji yakiingia yanakaa. Yanaingia na buti za vibarua, na kreti zilizooshwa, na viazi vilivyochimbwa kwenye udongo mbichi, na mlango ambao raba yake imechakaa. Tena mazao yenyewe yanapumua na kutoa unyevu. Funga boksi lenye viazi usiku wa baridi ya Njombe, asubuhi shika ukuta kwa ndani uone mkono unavyolowa.

Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji unyevu. Mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu, kuvu hao hawana kazi. Ikikaa juu ya hapo wiki baada ya wiki, wanakula. Sasa angalia sakafu inaozea wapi: ukingoni, kwenye matundu ya skrubu, kwenye kiungo cha ubao na ubao, na zaidi ya kote kwenye kizingiti cha mlango. Plaiwudi ikiwa imezibwa vizuri usoni, maji hayapiti usoni. Yanapita kwenye ule ukingo uliokatwa na msumeno, ambako nyuzi za mbao ziko wazi kama mirija. Karpeti ya plastiki ya yule kijana ilizidisha tatizo, kwa sababu maji yaliingia chini yake mlangoni na hayakuwa na njia ya kutoka. Aliyeitandika huenda hakuwa na nia mbaya. Lakini wewe ukienda kununua tela lililotumika, chochote kilichotandikwa juu ya sakafu kifunue kabla hujatoa hata shilingi. Muuzaji akikataa, mshukuru, nenda zako.

Na usikague juu tu. Lala chini ya tela na tochi. Ubao uliolowa unaonekana kwa chini: rangi imeiva kuwa nyeusi, tabaka zimeanza kufumuka, skrubu zina kutu inayotiririka kama machozi. Choma na bisibisi kila kona na urefu wote wa mlango.

Dawa na chakula

Hapa naomba msome taratibu.

Mwaka 1967 katika mji wa Chiquinquirá, nchini Kolombia, watu walikula mkate wa asubuhi kama siku zote, wakaanza kuanguka. Makumi walikufa, wengi wao watoto. Unga uliotumika ulikuwa umesafirishwa kwenye lori moja na parathioni, dawa ya wadudu, na dawa ikamwagikia unga njiani. Miaka tisa kabla, mwaka 1958, kule Kerala nchini India, watu zaidi ya 100 walikufa kwa njia hiyohiyo, safari hiyo chakula na dawa vikiwa vimepakiwa kwenye meli moja. Mwenye mzigo hakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Vyombo vilivuja tu.

Ubao mtupu unanyonya dawa kama unavyonyonya maji. Ukifuta na tambara, unaondoa iliyobaki juu; iliyozama inabaki, na gunia la mahindi likilala hapo juu linagusana nayo. Huwezi kuiosha ikatoka yote. Kwa hiyo kanuni yangu kwa mkulima wa biashara ni hii: chakula na viuatilifu havipandi boksi moja, hata siku moja, hata kwa umbali mfupi. Weka sanduku la chuma lenye kufuli nje, kwenye mkono wa tela au nyuma ya pikapu, na ndani yake weka beseni la plastiki lenye kimo ili kinachovuja kibaki humo.

Lakini mimi nawajua, na najijua mwenyewe. Ipo siku kitu kitavuja ndani. Siku hiyo sakafu isiyonyonya ndiyo itakayokuokoa. Vaa glavu, mwagia mchanga au udongo mkavu, uache unyonye, uzoe kwenye ndoo yenye mfuniko, rudia, kisha osha kwa maji machache na sabuni ukiwa mbali na mto na kisima. Kama ilimwagika kwenye ubao mtupu, ubao huo umekwisha kazi ya chakula. Ung'oe.

Mbolea nayo ina tabia yake. Haipenyi kwa hatari ya namna ile, lakini inakula chuma. Punje za CAN au za urea zilizobaki kwenye kona zinavuta unyevu wa hewani hata siku ambayo hainyeshi, zinageuka maji ya chumvi, na maji hayo yanatafuna chuma na hata ile ngozi ya zinki kwenye bati na skrubu. Mbolea yenye potasiamu kloridi ni mbaya zaidi kwa kutu. Ukishusha mbolea, fagia kukiwa kukavu kwanza, ndipo uoshe. Ukianza na maji umetengeneza supu ya chumvi na kuipeleka kwenye kila upenyo.

Sasa, uchague nini?

Bodi za vumbi la mbao, zile za makabati, naziondoa mezani mara moja. Zikilowa zinavimba kama andazi na hazirudi. Plaiwudi ya fanicha, ile ya ndani ya nyumba, ni hivyohivyo ila inachukua muda zaidi kukuaibisha. Hiyo ndiyo tuliyoikuta kwenye tela la kijana wetu.

Mbao ngumu kama mninga na mkongo ni sakafu ya heshima. Zinavumilia mapigo, ubao mmoja ukiharibika unautoa peke yake, na fundi wa kijijini anaziweza. Kama mzigo wako ni magunia yaliyoshonwa, zana na mashine, sina ugomvi nazo. Nunua zenye risiti na kibali cha misitu, zilizokauka. Mbao mbichi itaacha upenyo wa kidole baada ya kiangazi kimoja. Na upenyo ndio udhaifu wake: kila kiungo ni mfereji wa maji, mbolea na vinyesi vya kuku kushuka kwenye fremu. Mkaratusi ni mgumu, ila ukilowa na kukauka unajipinda na kung'oa skrubu. Paini isiyotibiwa ni laini na inaoza upesi.

Na ile paini ya kijani, iliyotibiwa kwa dawa ya mchwa? Kwenye paa la nyumba sawa. Kwenye sakafu ya kubebea chakula, hapana. Dawa inayotumika sana kwenye mbao hizo ina shaba, kromiamu na arseniki. Arseniki ni sumu, na kreti ya nyanya haina sababu ya kuserereka juu yake. Tena shaba iliyomo inatafuna aluminiamu, kwa hiyo fundi akikushauri utandike bati la aluminiamu juu ya mbao za kijani, mwambie asante, hapana.

Bati nene la chuma lenye vinundu, lile la ngazi za basi, linafaa sana kama unapandisha magurudumu ya power tila, unaburuta mapipa au unabeba mashine zenye miguu ya chuma. Halinyonyi kitu. Linachomelewa kwenye fremu na kuwa kitu kimoja. Shida zake ni mbili. Kwanza kutu, ambayo huanzia kwa chini na kwenye mistari ya kuchomelea, ambako rangi huungua. Lipakwe rangi ya kuzuia kutu pande zote kabla ya kufungwa, na sehemu zilizochomelewa zisafishwe na kupakwa upya, juu na chini. Pili uzito, nitaufikia sasa hivi.

Aluminiamu ni nyepesi, haipati kutu ya kahawia, inaoshwa vizuri. Kwa anayebeba maziwa, samaki au nyama ni chaguo zuri, pesa ikiruhusu. Lakini ina maadui wake. Soda kali iliyo kwenye baadhi ya sabuni za kusafishia vyombo vya maziwa inaila. Chokaa mbichi ya banda la kuku inaila. Na ikigusana na chuma kitupu huku kuna maji, inaliwa hapo kwenye mgusano. Ndiyo maana inafungwa ikiwa na utepe wa mpira au rangi nzito katikati.

Halafu ipo marini. Hii ndiyo wengi wenu mtaishia nayo, na mimi naiunga mkono, kwa hiyo nikae nayo kidogo.

Kinachouzwa madukani kwa jina la marini, chenye uso wa kahawia au mweusi unaong'aa, mara nyingi ni plaiwudi ya kumwagia zege. Marini hasa, ya kutengenezea boti, ina kiwango chake, kile cha Uingereza kinaitwa BS 1088, na ni nadra kuikuta kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Hilo lisikukatishe tamaa. Ile ya zege imetengenezwa kuvumilia zege mbichi, uso wake haunyonyi na unaoshwa kwa ufagio na sabuni. Tatizo ni kwamba mbili zinazofanana dukani zinaweza kutofautiana kama mchana na usiku kwa ndani. Moja ina gundi ya kuvumilia maji na tabaka zilizojaa. Nyingine ina gundi ya fanicha, na katikati tabaka zimeungwa viraka vyenye mashimo.

Angalia ukingo. Hesabu mashimo. Gonga uso kwa nyundo ndogo kila baada ya shubiri moja. Sauti ikibadilika ikawa ya debe tupu, chini yake pana shimo, na hapo ndipo mguu wa mtu au wa pipa utapita. Mistari ya gundi yenye rangi ya kahawia iliyokoza ni dalili njema, ila rangi inaweza kudanganya.

Kipimo ninachokiamini ni sufuria. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja, au nunua ubao mmoja kwanza ukate kona. Kichemshe saa nne. Kikaushe karibu na jiko mpaka kesho yake. Kichemshe tena saa nne. Kikipoa ingiza ncha ya kisu kati ya tabaka. Ya gundi nzuri itapasuka mbao kabla ya gundi kuachia. Ya gundi mbaya itafunguka kurasa kama daftari lililoanguka mtoni, na wakati mwingine hata haitakungoja umalize siku ya kwanza. Usitumie sufuria ya mama ya ugali, tafuta kopo. Gharama yake ni kuni za siku mbili, nawe unakaribia kununua sakafu ya miaka.

Uso unaong'aa ukilowa unateleza vibaya. Tafuta ile yenye upande mmoja wenye alama za nyavu, upande huo ndio uwe juu. Ukiikosa, paka rangi ya epoksi na kunyunyizia mchanga mwembamba uliochekechwa kabla haijakauka. Kwa mazao ya kumwaga bila gunia usifanye hivyo, utashindwa kufagia.

Uzito unakula mzigo

Chukua tela kama la kijana wetu, futi 12 kwa 6. Sakafu yake ni mita za mraba 6.7 hivi. Marini ya milimita 18 itakuwa kama kilo 78. Bati la chuma la milimita 3, bila kuhesabu vinundu, kilo 157. Aluminiamu ya milimita 3, kilo 54. Mbao za mninga za milimita 25, kilo mia na ushee.

Kwa hiyo ukiweka chuma badala ya marini umeongeza karibu kilo 80. Kwa kreti ya parachichi ya kilo 20, hizo ni kreti nne ambazo unazilipia mafuta kila safari na huziuzi. Kama magurudumu ya power tila yanapanda kila siku, sawa, lipa. Kama yanapanda mara mbili kwa mwaka, tandika mbao mbili za njia ya magurudumu siku hiyo, ukimaliza zitoe.

Chaga za kitanda

Ubao haubebi mzigo peke yake. Chini yake kuna vyuma vinavyokatisha kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine. Vifikirie kama chaga za kitanda: zikiwa mbalimbali, godoro zuri kiasi gani litabonyea tu.

Kuna hesabu moja hapa ambayo mafundi wengi hawaisemi. Ubao unavyobonyea huongezeka kwa umbali wa chaga ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe. Tuseme vyuma vyako viko kila baada ya sentimita 60. Ukivileta kila sentimita 40, umbali umepungua mara moja na nusu, 1.5 mara 1.5 mara 1.5 ni 3.4 hivi. Ubao uleule sasa unabonyea pungufu ya theluthi moja ya mwanzo. Unene nao una kanuni ileile: kutoka milimita 12 kwenda 18 ni mara moja na nusu, faida ni hiyohiyo ya mara 3.4.

Kwenye tela la futi 12, kutoka chaga tano za katikati kwenda nane ni kuongeza vyuma vitatu tu. Kwa bomba za mraba za sentimita 5, zenye ukuta wa milimita 3, hizo ni kilo 24 hivi. Kuongeza unene wa marini kutoka 12 hadi 18 ni kilo 26. Karibu sawa. Kwa hiyo kabla hujakimbilia ubao mnene zaidi na zaidi, pima chaga. Kwa mkulima anayebeba mapipa ya lita 200 na magunia ya lumbesa, mimi nataka vyote viwili: 18 juu ya chaga za 40. Ubao wa 12 hata kama haubonyei sana, ncha ya pipa lililoegemezwa inaweza kuutoboa.

Na mwelekeo. Plaiwudi ina nguvu zaidi kwa upande nyuzi za uso zinakoelekea, kwa kawaida ni kwenye ule urefu wa futi 8. Nyuzi hizo zinatakiwa kuruka kutoka chaga hadi chaga. Kwenye tela la futi 12 kwa 6 fundi atapenda kukata kila ubao futi 6 na kuulaza kwa kukatisha, kwa sababu ni haraka na viungo vinaangukia kwenye chaga vizuri. Nyuzi sasa zimelala sambamba na chaga, upande wao dhaifu. Ukilaza kwa urefu, unahitaji bao tatu vilevile, ila kuna kiungo kirefu kitakachokosa chaga; hapo ongeza chuma kimoja cha urefu chini yake. Bao ni zilezile, kazi imeongezeka nusu siku. Simama hapo fundi akikata.

Kufunga

Kuchomelea na grainda vyote viishe kabla ubao haujaingia. Cheche ikiingia kwenye ukingo wa plaiwudi inaweza kufuka kimyakimya na kuwaka fundi ameshaondoka.

Fremu isuguliwe kutu, ipakwe, ikauke. Bao zikatwe, zijaribiwe mahali pake, zitolewe tena. Sasa kila ukingo uliokatwa, na kila tundu la bolti kwa ndani, upakwe epoksi au rangi nzito ya mafuta mara tatu, ukikauka kati ya mara na mara. Hii ndiyo kazi inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama sakafu itaona mvua za mwaka wa tano. Upande wa chini usio na ngozi upakwe lami ya maji, lakini ubao ukiwa mkavu kabisa, maana ukipaka ukiwa na unyevu umeufungia humo ndani.

Kati ya ubao na ubao acha upenyo wa milimita 3, uzibe kwa gundi laini ya viungo inayobaki kama mpira. Gundi inayokauka ngumu itapasuka wiki ya kwanza barabara ya vumbi. Bolti zipite kwenye chuma, na washa pana chini. Pete za kufungia kamba zisishike kwenye ubao peke yake. Zifungwe kwenye fremu, la sivyo siku ya breki ya ghafla pete itaondoka na kipande cha sakafu.

Kizingiti cha mlango kifunikwe na utepe wa chuma uliokunjwa, ukishuka nje, ili maji yadondoke barabarani badala ya kurudi chini ya ubao. Kama tela lako linaegeshwa likiwa limeinamia mbele, geuza tabia hiyo: liegeshe mlango ukiwa chini kidogo.

Mpira wa kutandika ni mzuri kwa ng'ombe na mbuzi, wanasimama imara. Ila ufanye vipande viwili au vitatu ambavyo mtu mmoja anaweza kuvitoa, na vitolewe kila baada ya kuosha. Mkojo ukikaa chini ya mpira hauna tofauti na ile karpeti ya maua.

Ya kijana wetu

Fremu yake ilikuwa nzima. Aliongeza vyuma vitatu, akaweka marini ya 18 yenye alama za nyavu, bao tatu zilizolazwa kwa urefu. Duka la kwanza kipande chao kilifunguka kwenye kopo kabla ya saa nne kuisha. La pili walikasirika kuombwa kipande. La tatu kikasimama. Sanduku la dawa sasa liko nje, kwenye mkono wa tela, na ufunguo anao yeye mwenyewe. Msaidizi amerudi kazini, ingawa wiki ya kwanza alikuwa akipanda anakanyaga kwa kunyatia.

Tulibishana jambo moja tu. Zile bao za zamani alitaka zile ngumu za katikati zifanye banda la vifaranga.

"Bwana shamba, hizi bado nzima."

"Lile doa liko wapi?"

Akaliangalia. Mama yake naye akauliza kama basi ziwe kuni. Nazo nilizikataa, kwa sababu moshi wake ungeingia jikoni, kwenye chakula kilekile tulichokuwa tunakikinga. Tulizifunga kwenye turubai na kuziweka mbali na nyumba na mifugo, tukapeleka taarifa kwa ofisi ya kilimo wilayani tupewe utaratibu wa kuzitupa pamoja na makopo matupu ya dawa.

Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijarudi, nitakwenda tena na bisibisi yangu. Nitaanzia mlangoni.